WAYA ULIOACHWA BADO UNA MENO



Tarehe 23 Januari 1954 ndege ndogo ya aina ya Cessna 180 ilizunguka juu ya maporomoko ya Murchison, Uganda, pale Mto Nile unapopenya katika ufa wa mwamba. Ndani yake walikuwa rubani Roy Marsh, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway na mkewe Mary. Ndege iliruka chini sana ili wageni wayaone maji vizuri. Mara likatokea kundi la ndege wa mwituni. Rubani akashuka kuwakwepa, akagonga waya wa telegrafu uliokatiza juu ya bonde.

Waya ule ulikuwa umeachwa siku nyingi. Haukupeleka tena habari ya mtu yeyote, lakini uliiangusha ndege vichakani. Wote watatu walipona. Kesho yake wakachukuliwa kwa meli hadi Butiaba, na huko ndege ya pili waliyopanda ikashika moto ilipokuwa ikiondoka. Hemingway akaumia vibaya, na magazeti ya dunia yakamtangaza kuwa amekwisha kufa. Mwaka uleule akapewa Tuzo ya Nobel, asiweze kwenda kuipokea kwa sababu ya afya yake.

Tunawaletea habari hii kwa ajili ya ule waya.

Wapo watakaosema kosa ni la rubani, kwa nini aliruka chini? Wengine watasema ni ndege wa mwituni, au ni bahati mbaya. Sisi tunasema hivi: ndege wa mwituni hawapokei amri, na rubani alikuwa na nukta chache tu za kuamua. Waya peke yake ndio ungeweza kuondolewa mapema, siku yoyote ya kazi, kwa koleo na ngazi. Aliyeufunga alipata faida yake, kisha akawaachia wengine hatari.

Je, hayo hatuyajui katika mashamba ya chai na viwandani? Mashine imeharibika, inasukumwa pembeni na visu vyake. Shimo halitumiki, halifunikwi. Waya wa umeme umeachwa ukining'inia, kapita anasema, "Huo umekufa." Nani aliupima? Na umeme mkubwa haungoji kuguswa. Mwenye kubeba ngazi ya chuma au bomba refu akiukaribia tu, unaweza kumrukia. Akianguka huyo, magazeti ya dunia hayaandiki, na ripoti husema alikuwa mzembe.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kila kitu kisichotumika kiondolewe. Kisichoweza kuondolewa leo kiwekwe alama leo. Marubani siku hizi huwekewa mipira ya rangi kali kwenye nyaya kubwa ili wazione. Nasi wa chini tuna macho na tuna maisha. Pili, kabla ya kazi karibu na umeme, swichi izimwe na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayefanya kazi. Tatu, kila ajali, hata ile iliyonusurika, iandikwe kitabuni, na wajumbe wa wafanyakazi wakisome kitabu hicho.

Hatuombi fadhila. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamkinga asiadhibiwe mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kuwa hatari kubwa imemkaribia. Hapa Rwanda, sheria ya kazi namba 66/2018 nayo inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake.

Wenzetu, wiki hii tembeeni kila mmoja katika sehemu yake. Andikeni kila waya, kila shimo na kila mashine iliyoachwa, mumpe mjumbe wenu. Mmoja akisema peke yake ataitwa mwoga. Tukisema sote, waya utashushwa.