Albamu ya kwanza ya Diamond bado ina kazi kwetu

Wadogo zetu kwenye kundi wanatuita wazee. Sababu ni kwamba tulisema Kamwambie, albamu ya kwanza ya Diamond Platnumz, ile ya 2010, isikilizwe upya na kila mtu kabla hatujaingia studio. Majibu yalikuja mbio: nyimbo za zamani, sauti imekwaruza, leo kuna Zuchu, kuna Innoss'B, kuna Sat-B hapa hapa Burundi, nyinyi mnatafuta nini huko nyuma? Haya, tujieleze.

Kwanza tukumbushane ilivyotufikia. Sisi wa Rumonge tuliipata kwenye kadi za simu, pale kwenye vibanda vya kuchaji, unalipa kidogo unajaziwa nyimbo. Wenzetu waliokulia Nyarugusu wakaja nayo kichwani, kila neno. Wengine waliisikia kwa mara ya kwanza Baraka au Mboko, kabla ya kuvuka ziwa mwaka 2018. Hakuna aliyeona karatasi yake wala kujua wimbo wa kwanza ni upi na wa mwisho ni upi. Kwa hiyo tukisema "albamu" tunamaanisha zile nyimbo zilizokuja pamoja, kijana mmoja wa Tandale akiwa bado hana kitu.

Na kweli hakuwa na kitu. Alikuwa anauza mitumba. Wimbo wake wa mwanzo kabisa, Toka Mwanzo, haukumtoa. Zile zilizomtoa alizirekodi kwa Bob Junior, Sharobaro Records, na mwaka 2010 akabeba tuzo tatu za Kili kwa mpigo. Hakuwa na mgeni wa kutoka Marekani wala Nigeria.

Sasa weka pembeni A Boy from Tandale, ya 2018. Humo kuna Ne-Yo, kuna Rick Ross, kuna Omarion, kuna Davido, P-Square, Tiwa Savage. Ni kazi safi, hatubishi. Ukiipiga kwenye spika nzuri utafurahi. Lakini sisi tuna kipimo chetu: wimbo unaimbika mchangani, asubuhi, watu wakianika ndagala, bila spika, bila simu? Kamwambie unaimbika. Mbagala unaimbika, hata mama asiyemjua Diamond anaudaka mara ya pili. Waka, ukiondoa mdundo na sauti ya Rick Ross, unabaki na nini mdomoni? Tumejaribu. Tukacheka tu.

Angalia pia wimbo wenyewe wa Kamwambie umejengwaje. Jamaa haendi kwa mpenzi wake, anamtuma mtu: nenda ukamwambie. Wa Dar wanaweza kuona ni mbinu ya kawaida ya mashairi. Kwetu njo maisha. Sisi tunaishi kwa kutuma watu. Boti ikitoka bandarini kwenda upande wa Ubwari, kuna abiria, kuna mafuta ya mawese, kuna sabuni, na kuna maneno: mwambie shangazi mtoto amepona, mwambie fulani asiuze lile shamba. Jibu linaweza kuchukua siku tatu, linaweza lisije. Diamond hakutuwaza sisi alipouimba, lakini aliyeusikiliza Rumonge alijua uzito wa kumtegemea mtu mwingine akufikishie neno.

Mbagala nao una jambo tunalolipenda: ametaja jina la mtaa. Mbagala ni pembeni mwa Dar, kwa watu wa kawaida, akaliweka liwe jina la wimbo bila kuona haya. Mapenzi yanagongana na umaskini, na umaskini una anwani. Miaka miwili baadaye, 2012, alikuwemo kwenye Leka Dutigite pamoja na wasanii wengine wenye asili ya Kigoma, na jina lenyewe likiwa la Kiha. Soko la Rumonge halikuhitaji mkalimani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Sasa sisi kwenye wimbo wetu wa kwanza tumeandika kiitikio cha Kiingereza. Nani kati yetu anamlilia mtu kwa Kiingereza, jamani?

Tusiisifie yote lakini. Ukishatoa nyimbo tatu nne kubwa, hizo nyingine zinafanana mno. Kilio kile kile, mwendo ule ule, kinanda kile kile cha kompyuta. Kuna nyimbo tunaziruka, na tusijifanye hatuziruki. Tena dada zetu kwenye kundi walisema neno ambalo hatukuwa na la kujibu: karibu kote humo mwanamke anasemwa tu. Ametumiwa salamu, amelaumiwa, ameliliwa, yeye hasemi.

Isipokuwa kwenye Nitarejea. Hapo ndo tunaposimama tukisema albamu hii ni kubwa. Mwanamume ameondoka kutafuta maisha, anaahidi atarudi. Ungeishia hapo ungekuwa wimbo wa kawaida. Lakini Hawa anaingia na sauti ya yule aliyebaki nyumbani, na ile ahadi inageuka kuwa mzigo wa watu wawili. Hujui umwamini nani. Unamwonea huruma aliyeondoka, halafu unaona aliyeachwa ndiye analipa.

Neno lenyewe, kurejea, hapa kwetu lina makovu. Kuna familia Rumonge na Nyanza-Lac zilizokimbia 1972, zikakaa Tanzania miaka thelathini na zaidi, zikarejea zikakuta mashamba yana watu wengine, nao wameshazaa na kuzika humo. Sisi Wakongomani tunaulizwa kila mara kama tunataka kurejea, kana kwamba ni swali la ndiyo au hapana. Wimbo ule wa dakika chache unajua kwamba si swali la namna hiyo. Haukuandikwa na mtaalamu wa wakimbizi.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ugomvi wote huu uko hapo. Tumepata kiasi kidogo cha kurekodi. Wapo wanaotaka chote kiende kwenye wimbo mmoja, tumlipe msanii mwenye jina kutoka Bujumbura atupe ubeti, tupige video yenye ndege ya kamera juu ya ziwa. Sisi tunasema hapana. Kwa pesa hiyo hiyo zinatoka nyimbo nne za sauti zetu, kwenye studio ndogo. Msanii mwenye jina akishamaliza ubeti wake anapanda gari anarudi Bujumbura, na watu watasema ni wimbo wake. Kijana wa mitumba hakuanza kwa kukodi jina la mtu.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, tunawaheshimu, lakini tuwaambie wazi. Kila wimbo mnaotusaidia lazima uwe na ujumbe: nawa mikono, peleka mtoto shule, tuishi kwa amani na wenyeji. Ni mambo mazuri, tunayaimba, na tunajua watoto wanayakariri. Ila mkituachia hata wimbo mmoja tu usio na ujumbe wowote, wa mtu anayemkumbuka mtu ng'ambo, mtajua habari zetu kuliko kwenye zile fomu. Nitarejea haukupitishwa na kamati.

Studio imepangwa mwezi ujao. Nyimbo tatu ziko tayari. Wa nne ni wa kijana aliyeko Rumonge na mchumba aliyebaki Baraka, na upande wa kijana umeshaandikwa, mrefu mpaka unachosha. Upande wa mchumba haujaandikwa. Wavulana wawili wameomba kuuandika, tumewakatalia. Dada yeyote wa kundi, awe Rumonge, Bwagiriza au Kavumu, mwenye la kumjibu huyo kijana, atutumie sauti kwenye simu kabla ya Jumapili. Hata akimkatalia kabisa, tutaurekodi hivyo hivyo.