LUTENI ALIPOTELEZA AKASEMA KWELI

Kila vita vina bunduki zake na vina midomo yake. Bunduki zimeandikwa sana. Leo tuitazame midomo.

Machi 2003, Marekani na Uingereza zilipoivamia Iraq, mamia ya waandishi wa habari walikusanywa katika kambi ya jeshi la Marekani huko Doha, Qatar. Wakajengewa ukumbi wa fahari wenye jukwaa na televisheni kubwa kubwa. Brigedia Jenerali Vincent Brooks alikuwa akipanda jukwaani, anawaonyesha picha za kombora linavyopiga shabaha, kisha anashuka. Baghdad, ambako makombora hayo yalikuwa yakiangukia, ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 1,000.

Na nani alikuwa akiendesha shughuli hiyo ya habari? Jenerali? La hasha! Alikuwa Jim Wilkinson, kada wa chama cha Republican, aliyempigania George W. Bush katika mzozo wa kuhesabu kura za Florida mwaka 2000, akapewa kazi Ikulu, kisha akapelekwa Doha kuvisemea vita. Sisi tuliokulia zama za chama kushika hatamu, wakati matawi ya chama yalikuwamo hata makambini, hatuhitaji mkalimani kutueleza maana yake. Ila tulikuwa tukiambiwa kwamba ugonjwa huo ni wetu sisi peke yetu.

Chini ya mfumo huo alifanya kazi Luteni Josh Rushing, afisa habari wa kikosi cha Marine. Yeye alipangwa kuzungumza na Al Jazeera, televisheni ya Kiarabu yenye makao yake hapo hapo Doha. Alikuwa na hoja zake za kusema: Saddam ana silaha za maangamizi, tumekuja kuwakomboa watu wake. Akazisema kwa adabu na kwa imani. (Mwaka 2004 wakaguzi waliotumwa na Marekani yenyewe walihitimisha kwamba maghala ya silaha hizo hayakuwapo.)

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Usiku mmoja Al Jazeera ilionyesha maiti za askari wa Marekani na wenzao waliotekwa. Rushing alipoziona, tumbo lilimchafuka. Halafu akakumbuka kwamba usiku uliotangulia televisheni hiyo hiyo ilionyesha raia wa Basra waliouawa kwa mabomu, picha za kutisha sawa na hizo au kuzishinda, naye hazikumsumbua kiasi hicho. Akang'amua kwamba Waarabu wa Al Jazeera waliumwa usiku ule kama alivyoumwa yeye usiku huu. Hayo aliyasema mbele ya kamera ya Jehane Noujaim, na yamo katika filamu yake, Control Room, ya mwaka 2004.

Hatumfanyi malaika. Katika maneno hayo hayo alisema anavichukia vita, lakini akaongeza kwamba dunia bado haijafika mahali pa kuishi bila vita. Hata hivyo, katika porojo zote zilizomwagwa Doha, hatujasikia nyingine inayotufundisha zaidi kuhusu kazi ya msemaji wa jeshi. Watu hudhani kazi hiyo ni kusema uongo. Uongo ni sehemu tu, tena ile nyepesi. Yule waziri wa habari wa Iraq, Mohammed Saeed al-Sahhaf, aliapa kwamba Wamarekani hawamo Baghdad wakati vifaru vyao vimeshaingia mjini; dunia nzima ikamcheka. Uongo wa namna hiyo haudumu hata wiki. Hata hadithi ya askari Jessica Lynch, kwamba alipigana hadi risasi ya mwisho, ilikanushwa na mwenyewe mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2007: bunduki yake ilikwama, hakufyatua hata moja.

Kazi kubwa ya msemaji ni kukupangia nani wa kumlilia. Maiti mmoja anapewa jina, umri, picha ya shule na mama yake analia mbele yako. Mwingine anaitwa "madhara yasiyokusudiwa". Ukizoezwa hivyo kila jioni, utaangalia watoto wa Basra huku unakula chakula chako cha usiku. Rushing alizoezwa hivyo, naye alikuwa miongoni mwa wazoezaji.

Filamu ilipotoka, wakubwa walimkataza kuizungumzia. Mwaka huo huo akaacha jeshi, baada ya utumishi wa zaidi ya miaka 10, na baadaye akaajiriwa na televisheni ile ile aliyokuwa akibishana nayo, katika idhaa yake ya Kiingereza iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2006. Wale waliomwandikia hoja za silaha za maangamizi hawakukatazwa lolote.

Tareq Ayyoub, mwandishi wa Al Jazeera, hakupata nafasi ya kumwona Rushing akihamia kwao. Tarehe 8 Aprili 2003 ndege ya Marekani ilipiga kombora ofisi yao ya Baghdad naye akafa. Al Jazeera ilikuwa imekwisha kuiandikia Pentagon barua tangu Februari, kueleza jengo hilo lilipo.