Intamba mu Rugamba: Tunatafuta kocha, au tunatafuta wa kumlaumu?

Na Mwandishi Wetu, Gitega

KUNA mijadala ambayo katika mtaa wa Yoba haihitaji mwenyekiti. Mmoja wapo ni huu wa nani apewe timu ya taifa ya soka, Intamba mu Rugamba. Kila kiti cha kocha kinapotikisika, iwe baada ya kipigo ugenini au sare ya kuudhi, wanywa kahawa wa Yoba wanagawanyika makundi matatu kabla kikombe cha kwanza hakijapoa. Ukishuka Muyinga, ukawakuta wafanyabiashara wanaosubiri magari yao yamalize taratibu za forodha pale Kobero, utayakuta makundi yale yale, na hoja zile zile.

Kundi la kwanza linataka mzungu, au angalau Mwarabu. Kwao kocha wa kweli lazima apande ndege kuja. Kundi la pili linataka mzawa aliyepikwa humu humu, anayeijua ligi yetu kuanzia Bujumbura hadi uwanja wa Ingoma hapa Gitega. Kundi la tatu, ambalo ni kubwa zaidi miongoni mwa ndugu zetu waliorejea kutoka Kigoma na Tabora, linataka Mrundi aliyejifunza kazi Tanzania, kwa sababu huko ndiko walikomwona kwa macho yao.

Kila kundi lina ushahidi wake. Tatizo ni kwamba kila kundi linachukua ushahidi unaolifaa na kuuacha mwingine mlangoni.

Tuanze na wanaotaka mgeni. Wanamkumbuka Adel Amrouche, aliyeinoa Burundi kati ya 2007 na 2012. Alipoondoka hapa alikwenda Kenya na kutwaa nayo Kombe la CECAFA mwaka 2013. Miaka kumi baadaye alikuwa kwenye benchi la Taifa Stars pale Tanzania ilipopata sare ya bila kufungana na Algeria, Septemba 2023, na kukata tiketi ya fainali za Afrika. Wanamkumbuka pia Mmisri Lotfy Naseem, ambaye zama zake Burundi ilicheza kwa mara ya kwanza fainali za CHAN, Afrika Kusini mwaka 2014. Hoja yao si ya kudharauliwa.

Lakini wanaotaka mzawa wana karata moja ambayo hakuna anayeweza kuipiku. Safari pekee ya Burundi kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Misri 2019, iliongozwa na Olivier Niyungeko, Mrundi. Katika kundi lililokuwa na Mali, Gabon na Sudan Kusini, Intamba walicheza mechi sita bila kupoteza hata moja. Walishinda mbili na kutoka sare nne. Machi 23, 2019, Bujumbura ilifurika. Cédric Amissi alifunga, Gabon wakasawazisha kwa bao la kujifunga, na dakika zilizobaki zikawa ndefu kuliko mfungo. Sare ya 1-1 ilitosha. Gabon ya Pierre-Emerick Aubameyang ikabaki nyumbani.

Hapo ndipo wenye kutaka mzawa hufunga kitabu. Lakini kitabu kina ukurasa mwingine. Kule Misri tulifungwa na Nigeria 1-0, na Madagascar 1-0, na Guinea 2-0. Tulirudi bila pointi na bila bao hata moja. Na Madagascar hao hao, ambao nao walikuwa wageni wa mashindano kama sisi, waliifunga Nigeria 2-0, wakaongoza kundi, wakaitoa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kwa penalti na kufika robo fainali. Kocha wao alikuwa Mfaransa, Nicolas Dupuis.

Je, tuseme basi kwamba mgeni ni bora? Hapana. Dupuis hakuwa mtu wa kuja na begi wiki mbili kabla ya mashindano. Alikuwa amekaa na timu ile zaidi ya miaka miwili, akiwatafuta wachezaji mmoja mmoja wenye asili ya kisiwa hicho huko Ufaransa na kwingineko, na kuwaunganisha na waliobaki nyumbani. Alichokuwa nacho ni muda na kibali cha kufanya kazi yake. Rangi ya pasipoti yake haikufunga bao.

Mrundi aliyetufunga mlango

Sasa tuje kwa kundi la tatu, na jina ambalo halikosekani katika vinywa vyao: Etienne Ndayiragije.

Waliokuwa kambini Nyarugusu, Nduta au Mtendeli wakati huo wanaijua hadithi hii bila kusimuliwa. Ndayiragije aliipokea Mbao FC ya Mwanza, timu ambayo wengi hawakuipa hata msimu mmoja, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2017. Simba waliwafunga 2-1, na ilibidi ziongezwe dakika ndipo wapone. Akaenda KMC na kumaliza nayo nafasi ya nne katika msimu wa 2018/19. Azam wakamchukua. Julai 2019, Tanzania ilipoachana na Emmanuel Amunike, Ndayiragije akakabidhiwa Taifa Stars kwa muda.

Na kwa bahati ambayo hata mtunzi wa maigizo angeiogopa, ratiba ya kufuzu Kombe la Dunia la 2022 ikazikutanisha Burundi na Tanzania mwezi Septemba mwaka huo huo. Bujumbura ikawa 1-1. Dar es Salaam ikawa 1-1 tena, Mbwana Samatta akifunga na Fiston Abdul Razak akisawazisha. Zikaja penalti. Tulikosa zote tatu tulizopiga, Tanzania wakapata zao tatu. Mrundi akaitoa Burundi.

Usiku ule watu waligombana. Wapo waliomwita msaliti. Wapo waliosema kwamba kosa ni letu, kwani kocha alikuwa wetu na jirani ndiye aliyemwona. Wapo pia waliokaa kimya, kwa sababu walikuwa wamelala wakiishangilia Burundi nchini Tanzania, na hawakujua kesho yake sokoni wafanye uso gani.

Ndayiragije hakudumu Tanzania. Baada ya fainali za CHAN zilizochezwa Cameroon mwanzoni mwa 2021, nafasi yake ilichukuliwa na Kim Poulsen. Mwaka 2023 alirudi nyumbani kuinoa Intamba. Wenye kulililia jina lake walipata walichokitaka. Matokeo? Novemba mwaka huo Burundi iliifunga Gambia 3-2 katika kinyang'anyiro cha kufuzu Kombe la Dunia la 2026, ushindi mzuri kabisa. Lakini hatukufuzu fainali za Afrika za 2025, ambako Senegal na Burkina Faso ndizo zilizotoka katika kundi letu. Na hatukufuzu Kombe la Dunia, ambako kundi lilichukuliwa na Côte d'Ivoire.

Je, ujuzi wake ulimtoka alipovuka mpaka? Hakuna mtu mwenye akili atakayeamini hilo. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni ghala alilopewa.

Nyumbani kwetu, Dar es Salaam

Hebu tuitazame ile mechi ya Gambia kwa makini. Ilikuwa mechi ya nyumbani ya Burundi. Ilichezwa Dar es Salaam, uwanja wa Benjamin Mkapa. Vivyo hivyo mechi yetu ya nyumbani dhidi ya Cameroon mwezi Juni 2022, tuliyofungwa 1-0. Kwa sababu uwanja wa Bujumbura haukukidhi masharti ya Shirikisho la Soka la Afrika, kwa kipindi kile timu ya taifa ikawa mpangaji.

Klabu zetu nazo zilionja. Agosti 2024, mabingwa wetu Vital'O walipangwa na Yanga katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Mechi zote mbili, ya nyumbani na ya ugenini, zilichezwa Dar es Salaam. Walifungwa 4-0, kisha 6-0. Hii ni klabu iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992. Mkongwe huyo alikwenda kufungwa mabao kumi bila mashabiki wake wa Bujumbura kuliona hata moja kwa macho.

Mfanyabiashara wa Kobero anaelewa jambo hili kuliko wachambuzi wote wa redio. Ukimpa mwuzaji hodari duka lisilo na bidhaa, mlango unaovuja na mteja aliye ng'ambo ya mto, mwisho wa mwezi utamfukuza kwa hasara. Utamleta mwingine. Naye utamfukuza. Kila mara utasema mwuzaji hafai, na mlango utaendelea kuvuja.

Ndiyo maana nasema mjadala wa Yoba unaanzia mahali pasipo pake. Tunauliza "nani?" kabla ya kuuliza "apewe nini?"

Nani mzawa?

Kuna neno katika mjadala huu ambalo ningependa tulitazame kwa utulivu, kwa kuwa linawagusa wasomaji wengi wa safu hii. Neno hilo ni "mzawa".

Nimewasikia watu wakisema kocha aliyekaa sana Tanzania si mwenzetu tena, kwamba anaongea Kiswahili cha huko na anafikiri kama wa huko. Ndugu msomaji uliyerejea tangu mpango wa kurudi kwa hiari uanze mwaka 2017, bila shaka neno hilo umelisikia na wewe, pasipo kuhusu mpira. Umelisikia ulipoulizia shamba la baba yako. Mtoto wako amelisikia shuleni alipokosea neno la Kirundi.

Basi tukumbushane timu iliyotupeleka Misri ilikuwa ya nani. Nahodha wake alikuwa Saido Berahino, aliyeikimbia nchi akiwa mtoto, akakulia Uingereza na kuzichezea timu za vijana za huko kabla ya kuichagua Burundi mwaka 2018. Gaël Bigirimana alizaliwa Bujumbura, akapitia Uganda, akalelewa kisoka Coventry, na miaka kadhaa baadaye tukamwona akivaa jezi ya Yanga. Hao ndio walioimba wimbo wa taifa kule Misri. Ile ilikuwa timu ya waliorejea.

Na wale wa Tanzania je? Amissi Tambwe aliongoza kwa mabao katika ligi ya Tanzania akiwa Simba, kisha akaongoza tena akiwa Yanga. Saidi Ntibazonkiza alimaliza msimu wa 2022/23 akiwa na mabao 17, sawa na Fiston Mayele. Kwenye makocha, Masoud Djuma alifanya kazi Simba, Cédric Kaze akaiongoza Yanga, kisha akamfuata Nasreddine Nabi hadi Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Nchi ndogo kama yetu ikianza kuwakata watu wake kwa kigezo cha walikokaa, itabaki na benchi tupu.

Upande wa pili nao usijidanganye. Kuijua ligi ya Tanzania hakutoshi. Anayetaka kazi hii lazima aijue Flambeau du Centre, iliyoleta ubingwa hapa Gitega mwaka 2022, kama anavyoijua Azam. Lazima awe tayari kukaa jua kali uwanja wa Umuco pale Muyinga akimtazama kijana ambaye hajawahi kuandikwa gazetini.

Maswali ya kuuliza

Fainali za Afrika za 2027 zimepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Hazijawahi kutusogelea namna hii. Kukosa kufuzu mashindano yanayochezwa kwa jirani, umbali wa basi, kutauma kuliko kukosa yale ya Morocco.

Kwa hiyo jina lolote likitajwa tena, la mgeni au la mwenyeji, napendekeza tuache kuuliza alikozaliwa na tuulize haya. Amepewa mkataba wa muda gani, na unavuka kampeni moja ya kufuzu? Atakuwa na mechi ngapi za kirafiki kwa mwaka? Nani atamlipia safari za kutafuta vijana mikoani, hasa huku mashariki, ambako watoto waliolelewa makambini wanacheza mpira kila jioni na hakuna anayeandika majina yao? Kama ni mgeni, msaidizi wake Mrundi ni nani, na ana sauti au anabeba koni tu? Na waliomwajiri watawajibika vipi akishindwa kwa sababu yao?

Niyungeko hakuwa na miujiza mwaka 2019. Alikuwa na kizazi kizuri cha wachezaji na uwanja wa nyumbani uliojaa. Anayefuata anaweza asiwe na cha kwanza, kwani vizazi haviagizwi dukani. Cha pili kipo mikononi mwetu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Pale Yoba tumechagua majembe kwa miaka mingi, na wengine wetu tunayajua majembe yote kwa majina. Shamba bado linasubiri.