NCAA ikae meza moja na wachezaji

Machi nchini Marekani shabiki wa michezo analala kidogo. Ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, imeshamaliza msimu na soko lake la wachezaji limefunguliwa. Wakati huohuo timu za kikapu za vyuo vikuu zinaingia kwenye mtoano wa taifa, ambako ukipoteza mchezo mmoja unafunga virago. Zamani shabiki alijua wazi nani anasajili na nani anacheza. Miaka ya karibuni vyuo vimekuwa vikifanya yote mawili kwa pamoja, na fujo hiyo imelelewa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Gazeti hili linakitia hatiani.

Tazama kalenda ya 2025. Philadelphia Eagles waliwafunga Kansas City Chiefs 40-22 Februari 9, msimu ukaisha. Mazungumzo na wachezaji huru yakaruhusiwa Machi 10, mikataba ikaanza rasmi Machi 12, na vijana wapya wakagawanywa kwa timu mjini Green Bay kuanzia Aprili 24. Hakuna aliyekuwa anapigania kombe huku timu nyingine ikimpigia simu. Upande wa kikapu, timu 68 zilitangazwa Machi 16 na fainali ilikuwa Aprili 7, lakini dirisha la uhamisho likafunguliwa Machi 24, siku moja baada ya raundi ya pili. Timu 16 zilikuwa bado mashindanoni. Kocha aliyefuzu alilazimika kuchagua: amwandae kijana wake kwa mchezo wa Alhamisi, au awahi kumsajili atakayechukua nafasi ya kijana huyohuyo. Wachezaji zaidi ya 2,000 walijiandikisha kuhama katika dirisha hilo.

Kelele zilipozidi, NCAA ilisogeza tarehe ili dirisha lifunguliwe baada ya fainali. Ni hatua njema, na ilichelewa mno. Lakini tarehe haikuwa kiini cha tatizo. Mchezaji amewekewa dirisha. Kocha hana dirisha lolote. Machi hiyohiyo ya 2025 Will Wade alikuwa akizungumza na North Carolina State wakati timu yake ya McNeese ingali kwenye michuano, naye hakulificha jambo hilo. Kevin Willard aliifikisha Maryland hatua ya 16 bora, ikatolewa na Florida, na siku chache baadaye akawa kocha wa Villanova. Hatumlaumu mtu kwa kutafuta kazi bora. Tunaulaumu utaratibu unaomwacha kijana wa miaka 19 asome kwenye simu yake kwamba aliyemsajili ameshaondoka.

NFL nayo ina makocha wanaotamaniwa, ila huko kuna bei inayouma. Mwaka 2023 Denver Broncos walipomtaka Sean Payton, ambaye bado alikuwa na mkataba na New Orleans Saints, iliwabidi watoe nafasi yao ya raundi ya kwanza katika mgawo wa vijana. Vyuo hulipana fidia ya fedha, na fedha hizo huingia kwenye akaunti ya chuo. Wachezaji walioachwa hawapati hata shilingi.

Tusije tukaeleweka kwamba tunaitakasa NFL. Mikataba yake mingi haina dhamana kamili. Mtu anaumia goti Agosti na kufikia masika ameachwa. Timu ina haki ya kumzuia mchezaji wake bora asiende sokoni kwa kumlipa mshahara wa mwaka mmoja uliopangwa. Haya ni magumu, na wachezaji wamekuwa wakiyapigia kelele kwa miongo. Tofauti ni kwamba magumu hayo yamo katika mkataba waliousaini wenyewe kupitia chama chao. Mwaka 1987 waligoma, na wenye timu wakaingiza wachezaji wa kukodi kuendeleza msimu. Mgomo ulivunjika bila ushindi. Wakaenda mahakamani, wakashinda huko, na mwaka 1993 pande mbili zikakubaliana: mchezaji apate haki ya kuwa huru, na timu zipate ukomo wa mishahara, ulioanza 1994. Ukomo huo mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu, iwe ya New York au ya mji mdogo wa Green Bay. Wachezaji wanapata karibu nusu ya mapato ya ligi. Timu iliyoshika mkia inachagua kijana wa kwanza. Utulivu ambao shabiki anauona kila Machi, kila kitu kwa tarehe yake na saa yake, umetokana na mgomo, kesi na mazungumzo.

NCAA imefuata njia gani? Imesubiri kushtakiwa. Ed O'Bannon, aliyekuwa bingwa na UCLA mwaka 1995, alifungua kesi 2009 baada ya sura yake kutumiwa kwenye mchezo wa video bila malipo. Juni 2021 Mahakama ya Juu iliipiga NCAA kwa kura 9 kwa 0 katika kesi ya Alston, na siku chache baadaye, Julai 1, wanafunzi wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao. Kanuni za kuhama nazo zikabomolewa kesi baada ya kesi, mpaka ikafika 2024 mwanafunzi mwenye alama nzuri darasani anahama mara nyingi apendavyo. Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa miaka iliyopita, na kuruhusu kila chuo kuwalipa wa sasa hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Kiwango hicho kilikokotolewa kwa asilimia 22 ya wastani wa baadhi ya mapato ya vyuo vikubwa. Kiweke kando ya ile karibu nusu ya NFL, kisha ujiulize ni upande upi wachezaji walikuwa na kiti.

Walipojaribu kukitafuta kiti hicho walizuiwa. Machi 2024 wachezaji wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuunda chama cha wafanyakazi. Chuo kilikataa kuketi nao, na mwisho wa mwaka huo ombi lao likaondolewa. Hawakuwa nyota, walikuwa vijana wa timu ya kawaida waliotaka kuzungumza na mwajiri wao. Na hapa ndipo hasira yetu ilipo. Haki za kuonyesha michuano ya kikapu ya taifa ziliuzwa 2010 kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, na mwaka 2016 mkataba ukaongezwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8 zaidi. Chama kinachouza bidhaa kwa bei hiyo hakiwezi kuendelea kusema kwamba wanaoitengeneza ni wanafunzi wanaojifurahisha jioni.

Wasomaji wetu wana sababu ya kulifuatilia hili kwa karibu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliifikisha Connecticut nusu fainali mwaka 2009, mbele ya watu zaidi ya 70,000 ndani ya Ford Field ya Detroit, uwanja wa NFL, na kwa kazi ile hakuruhusiwa kulipwa mshahara. Miezi michache baadaye alichaguliwa wa pili katika mgawo wa NBA. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi aling'ara wakati sheria zimelegezwa, na bado mlango ukabaki umefungwa kwake, kwa kuwa viza ya masomo inabana mno kazi ya malipo. Mchezaji huyo bora wa vyuo wa 2022 alingoja mpaka timu yake ya Kentucky iliposafiri Bahamas Agosti ile ndipo afanye kazi za matangazo nje ya ardhi ya Marekani. Wenzake Wamarekani waliyafanya hayo bila kuvuka mpaka. Makubaliano yoyote yatakayofikiwa ni lazima yawataje vijana wa kigeni kwa kifungu chao, na NCAA, ambayo haichoki kubisha hodi bungeni Washington, ibebe ombi hilo pia.

Lipo pia suala la kuongeza timu kwenye michuano. Agosti 2025 viongozi wa NCAA waliamua michuano ya 2026 ibaki na timu 68, ila mpango wa kufika 72 au 76 ulibaki mezani. Tunaupinga bila masharti. Nafasi mpya hazitawafikia wadogo. Mwaka 2025 ligi ya SEC pekee iliingiza timu 14 kati ya 16 ilizonazo, na kwa mara ya kwanza timu zote za 16 bora zilitoka ligi nne tu: SEC, Big Ten, Big 12 na ACC. North Carolina ilipewa nafasi ikiwa imeshinda mchezo mmoja kati ya 13 dhidi ya wapinzani wa daraja la juu, na mkuu wake wa michezo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya uteuzi. Utaratibu ulimtoa nje ya chumba chuo chake kilipojadiliwa. Kwa shabiki wa chuo kilichoachwa hiyo haikutosha, na sisi tunakubaliana naye.

Raha ya mashindano haya imetengenezwa na wadogo. Machi 17, 2022, mjini Indianapolis, Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopangwa namba 15, kiliifunga Kentucky 85-79 katika muda wa nyongeza. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kuvuna ribaundi 16 siku hiyo, na bado akatolewa. Saint Peter's wakaziondoa Murray State na Purdue, wakawa namba 15 wa kwanza kuwahi kufika robo fainali, wakasimamishwa na North Carolina. Siku chache baada ya hapo kocha wao Shaheen Holloway alikuwa ameshahamia chuo cha Seton Hall, na wachezaji wake wakuu wakatawanyika. Jiji lililokesha mitaani likishangilia halikupewa hata msimu mmoja wa kuwaona vijana wale wakitetea heshima waliyoipata.

Hatutaki kumfunga mtu minyororo chuoni. Mchezaji wa NFL hufunga mkataba wa miaka, analipwa kwa ahadi hiyo, na anayemtaka kabla ya muda huo analipa gharama. Kijana wa chuo naye apewe mkataba wa miaka miwili au mitatu wenye malipo yanayojulikana na bima ya majeraha inayoendelea baada ya masomo, na kocha afungwe na tarehe zilezile zinazomfunga mchezaji. Vyuo vidogo vilipwe kila mchezaji wao anapochukuliwa na wakubwa kabla ya muda. Haya hayawezi kuamriwa na ofisi ya NCAA mjini Indianapolis peke yake, kwa sababu kanuni nyingi zilizotungwa upande mmoja zimekwishaangukia mahakamani.

Rais wa NCAA, Charlie Baker, aliwahi kuwa gavana wa Massachusetts na anajua mazungumzo na vyama vya wafanyakazi yanavyoendeshwa. Badala ya kuketi na wachezaji, chama chake kimeukumbatia muswada wa SCORE uliowasilishwa bungeni 2025, ambao ungekikinga chama dhidi ya kesi za ushindani wa kibiashara na kuwazuia wanamichezo kuhesabiwa kuwa wafanyakazi. Wabunge waukatae. Baker naye awaite wachezaji mezani, wakiwa na mawakili na viongozi waliowachagua wenyewe, kabla mpira wa msimu ujao haujarushwa.