Mlimani, kundi linapimwa kwa mtu wa mwisho

Lubumbashi ni mji wa tambarare. Kijana wa Hewa Bora anayeamka Jumapili alfajiri kufanya futingi na wenzake anapata lami, vumbi na magari; mlima hana. Kilima kinachoonekana zaidi mjini ni kile cheusi cha mabaki ya shaba, karibu na bomba refu la moshi la Gécamines, nacho si cha kupandia.

Ndiyo maana marafiki wakishazoea kukimbia kilomita 15 au 20 pamoja, wazo linalofuata huwa ni lile lile: twende Kundelungu, tukimbie na kutembea siku nzima, tuone maporomoko ya Lofoi.

Ni wazo zuri. Hifadhi ya Kundelungu ipo tangu 1970, na maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kutoka juu ya uwanda wake. Wakaaji wengi wa Haut-Katanga wanayajua kwa picha za simu tu. Vijana wakiamua kuyafikia kwa miguu yao, wapongezwe. Lakini kabla ya kuondoka, kundi likubaliane juu ya mambo mawili: saa ya kurudi, na nani anayeamua mwendo.

Kuhusu saa, lami inadanganya. Anayemaliza kilomita 20 mjini kwa saa mbili anadhani mlimani zitamchukua saa mbili na nusu. Mwaka 1892, mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa hesabu ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, kilomita 20 zenye mita 600 za mpando ni saa tano, bila kupumzika, bila kula, bila kupiga picha. Kundi linaloanza kutembea saa nne ya asubuhi, likipumzika mara chache tu, linalifukuza jua. Basi saa ya kugeuka ipangwe mapema. Ikifika saa saba ya mchana, kundi linageuka, hata kama maporomoko yanasikika pale mbele.

Kuhusu mwendo, jibu ni moja: aliye nyuma ndiye anayeamua. Wenye mbio watanung'unika kwamba mtu mmoja anawaharibia siku. Wakitaka kukimbia, wagawanyike makundi mawili tangu asubuhi, kila moja na mtu anayejua njia, maji yake na chakula chake. Kisichokubalika ni kundi kukatika lenyewe porini, watano mbele, wawili katikati, mmoja peke yake nyuma. Huyo wa nyuma akiulizwa atasema yuko sawa, kwa sababu anaona haya. Kwa hiyo mwenye nguvu kuliko wote atembee mwisho, si mbele.

Anayeona kwamba huo ni woga akumbuke yaliyotokea Gansu, nchini China, tarehe 22 Mei 2021. Wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani, wengi wakiwa na kaptula na fulana nyepesi. Upepo mkali, mvua ya baridi na mvua ya mawe vikawakuta juu. Watu 21 walikufa, na miongoni mwao alikuwemo Liang Jing, bingwa wa mbio ndefu. Nguvu za miguu hazikumwokoa. Mchungaji mmoja wa kondoo aliokoa watu 6 kwa sababu alikuwa na pango, moto na mablanketi.

Kundelungu si Gansu. Hata hivyo, asubuhi za Juni na Julai zina baridi katika Katanga, na mvua za Novemba hadi Machi huja na radi isiyochagua. Koti la mvua halizidi uzito wa chupa ya maji. Kuongea kwanza na walinzi wa hifadhi, walio chini ya ICCN, ni hekima kuliko kutegemea simu isiyo na mtandao.

Tabia hii haijifunzwi siku ya safari. Inaanzia kwenye futingi ya Jumapili pale Hewa Bora: asiende mtu nyumbani kabla wa mwisho hajafika. Kundi linaloshindwa kumngojea mwenzao dakika 10 kwenye lami halitamngojea saa moja porini. Na kundi la namna hiyo afadhali libaki mjini, mpaka litakapojifunza kungoja.