Kabla hujaiongezea Kirikuu nguvu, peleka mzigo wako kwenye mizani

Leo nagusa jambo ambalo vijana wengi hawatalipenda. Ni hii tabia ya kuchukua Kirikuu nzima, gari ya kazi inayokulisha, ukaipeleka gereji eti "iongezewe nguvu" na "ikae vizuri barabarani".

Sisemi kwa dharau, nami nilifanya.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, magari yetu yalilala. Sasa mtu ukikaa na gari miezi mitatu bila mzigo, unaanza kuitafutia kasoro. Nikaona yangu haivuti kilima ukitoka mwaloni, na ikibeba inalalia nyuma. Nikachukua laki tisa kwenye kikundi chetu. Nikaongeza majani mawili ya springi kila upande, nikafunga rimu za 13 badala ya 12, na fundi akaniambia nikipata hela nyingine tutatafuta injini yenye turbo. Gari ikasimama juu, inapendeza. Watu wakaniita bosi.

Ziwa likafunguliwa, nikaanza kazi. Ajabu, mlimani ikawa nzito kuliko mwanzo. Nilimlaumu fundi, kumbe ni hesabu ya darasa la sita. Tairi ya 145 R12 ina kimo cha sentimita 54 hivi. Ile 155/80 R13 niliyofunga inakaribia 58. Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko linakwenda mbali zaidi, lakini linasukuma kwa nguvu ndogo zaidi. Ni kama umeondoka na gia ndefu. Asilimia 6 hivi ya mvuto wangu ilipotelea hapo, na nimelipia mwenyewe! Na usisahau, breki ni zile zile ndogo, sasa zinashika gurudumu refu.

Hilo la breki ndilo lililoniumiza. Asubuhi moja ya giza nzuri, dagaa wamepatikana, nilipakia hadi juu. Kilima nikapanda kwa gia ya kwanza. Kwenye mteremko wa upande wa pili nikashika breki, nikasikia harufu ya kuungua, nikakanyaga tena, pedali ikaenda mpaka chini. Nikarudisha gia, gari bado inakimbia. Nikaigongesha kwenye ukingo wa udongo. Kijana wangu alikuwa amekaa juu ya magunia. Alianguka akavunjika mkono. Wiki saba hakufanya kazi, na matibabu na posho ya kwao nyumbani nilibeba mimi, huku rejesho la kikundi likinisubiri.

Baada ya hapo ndipo nikapata akili ya kupeleka mzigo kama ule kwenye mizani. Kilo 640!

Sikilizeni. Hizi Kirikuu zetu, Suzuki Carry za kutoka Japani, zilitengenezwa kwa daraja la magari madogo kabisa la kule. Injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, na mzigo usizidi kilo 350. Nguvu yake ni kama farasi 50 tu. Mimi nilikuwa nabeba karibu mara mbili halafu nasema gari haina nguvu.

Kuongeza majani ya springi hakuongezi uwezo wa kubeba. Ekseli ni ile ile, bearing zile zile, breki zile zile, chesesi ile ile. Gari ikilala nyuma inakwambia nimezidiwa. Ukiongeza majani umeiziba mdomo tu. Halafu ukirudi mtupu inarukaruka kama mbuzi, na mvua ikinyesha nyuma inateleza.

Turbo sitaki hata kuizungumzia sana. Injini ya silinda tatu iliyochoka, iko chini ya kiti, inashinda kutwa kwenye joto na gia ndogo. Ukiisukumia hewa zaidi bila kugusa rejeta wala mafuta, unanunua gasketi ya hedi. Na kumbuka namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadili injini kimya kimya, siku ya ajali utajua bima wanasomaje.

Sasa, nguvu yangu ilikuwa wapi? Fundi mwingine, mzee mmoja asiye na maneno, alipima kompresha akasema injini ni nzima. Klachi ndiyo ilikuwa inateleza. Fita ya hewa imejaa vumbi, plagi zimechakaa, breki moja ya nyuma inabana hata ukiwa umeachia. Akarekebisha hayo, akatoa majani niliyoongeza, akaweka shokapu mpya, akabadili mafuta ya breki yaliyokuwa meusi kama kahawa. Nikarudisha tairi za 12, lakini za mzigo siyo za teksi. Angalia ubavuni: iwe imeandikwa LT au 6PR. Namba 80 pale maana yake tairi moja inabeba kilo 450. Za saluni za saizi hiyo hazifiki huko, ingawa dukani utaambiwa ni sawasawa. Yote hayo hayakufika hata nusu ya laki tisa zangu.

Na upakiaji. Kitu kizito kiwe chini na kisogee kwenye kabini, siyo mkiani. Ukibeba migebuka na barafu, zibua matundu ya bodi maji yatoke, maana maji yanayocheza nyuma yanaiyumbisha gari kwenye kona kuliko springi mbovu. (Na wenye four-wheel, jamani, mnatembea nayo kwenye lami kavu kwa nini? Mnaua difu bure.)

Najua mtaniambia: tripu mbili ni mafuta mara mbili. Kweli. Kutoka Katonga kwenda Mwanga tripu ya ziada inanila lita moja na kitu, nakubali hasara hiyo. Kwa Kasulu siendi tena na Kirikuu. Nalipa nafasi ya magunia kwenye Fuso, nawahi kurudi mwaloni. Faida kwa gunia imepungua kidogo, siwafichi.

Kijana wangu amerudi kazini, sasa anakaa mbele. Zile tairi za 13 zilikosa mnunuzi, mama watoto amezipandia mchicha uani.