Fedha ya Kuazima na Safari ya Elimu



Mwenye kijana atakaye kwenda kusoma Uingereza na aelewe haya. Tangu tarehe 11 Novemba 2025, fedha za matumizi anazotakiwa mwombaji viza kuzionyesha zimeongezwa: pauni 1,529 kwa mwezi kwa asomaye London, na pauni 1,171 nje ya London, hata kufikia miezi 9, mbali na ada iliyosalia. Nazo zikae benki siku 28 mfululizo, kwa jina la mwanafunzi, mzazi au mlezi wake wa kisheria. Akiba ya ami au mjomba haihesabiwi, ingawa kwetu mara nyingi yeye ndiye asomeshaye.

Hapo ndipo watu huteleza: huazima fedha, wakaziweka siku 28, kisha wakazirudisha. Huo ni uwongo. Ukigunduliwa, kijana aweza kufungiwa mlango wa nchi ile miaka 10. Usipogunduliwa, atafika ugenini hana kodi ya chumba wala chakula.

Basi ami atakaye kusaidia na atoe mapema, tena kwa kumpa, si kwa kumwazima. Na asiye nacho asione haya kungoja mwaka. Elimu haiharibiki kwa kungojwa. Huharibika kwa kuanzwa na uwongo.